Weupe wa Kwenye Ramani

Baba Pacha alirudi nyumbani akiimba, na kuimba hajui. Kazi yake ni kufyatua matofali. Shimo lake la udongo lilikuwa limekwisha, na bila udongo watoto wangelala njaa.

"Mama Pacha, tumepata bonde," alimwambia mkewe. "Nimeuliza ofisi ya misitu. Kwenye ramani yao ni jeupe, halina mwenyewe. Kesho nachimba."

Mama Pacha alifurahi mpaka akasahau sufuria motoni. Jirani yao, mpimaji wa ardhi, alikuwa amekuja kuazima ungo. Yeye hakufurahi.

"Shemeji, ofisi ya maji umeuliza?"

"Ya nini? Mimi nachimba udongo, sichoti maji."

Mpimaji akatoa simu. "Zamani kila ofisi ilifungia ramani yake kabatini. Siku hizi wameziweka pamoja, na kila mtu anaweza kuzitazama. Hii ni ya misitu. Sasa naweka ya maji juu yake."

Mstari wa buluu ukalizunguka bonde lote.

"Hapo pana chemchemi, na imehifadhiwa," alisema Mpimaji. "Ndiyo inayoleta maji kwenye bomba letu. Weupe ule unasema hapo si msitu, basi. Hausemi chimba."

Baba Pacha akakaa chini, hoi. Kumbe walikuwa karibu kukausha maji ya wanao kwa jembe lao wenyewe. Mara Mama Pacha akapata wazo.

"Dada, ramani ya udongo ipo?"

"Ipo, ya watu wa kilimo."

"Iweke nayo."

Madoa mekundu yakatokea, kila moja udongo wa mfinyanzi. Mama Pacha akayafuata kwa kidole. Moja lilikuwa nje ya mistari yote. Mpimaji akalikuza. Likaonekana paa la bati, na kando yake banda la kuku.

"Hapa ni kwa mama," alisema Mama Pacha, akicheka kwa furaha.

Baba Pacha akashika kichwa. "Kwa mkwe wangu? Yule anayesema matofali yangu ni mikate?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mume wangu."

Akainama kweli. Mama mkwe akamruhusu, kwa sharti amjengee jiko. Mwezi ule ule tanuri likafuka moshi.

Siku moja mfyatuaji mwenzake akapita na jembe begani, akichekelea. Amepata bonde, alisema, jeupe kabisa.

Baba Pacha akajifuta tope. "Kaa kwanza, ndugu yangu," alisema. "Mama Pacha, lete simu."