Mkate Uliobadili Dhehebu

Je, wewe umewahi kukanda unga, ukaufunika vizuri, halafu ukafunua kitambaa na kuukuta umelala palepale kama paka aliyeshiba? Widad, mjukuu wa jirani yangu, yalimpata hayo. Na unga wenyewe haukuwa wa mkate wa chai. Ulikuwa wa mkate wa kanisani.

Hapa kijijini kwetu Deir Luz, si mbali na Yerusalemu, tuna makanisa matatu. La Waorthodoksi liko juu karibu na kisima, letu sisi Wakatoliki liko chini kidogo, na la Waluteri liko kando ya shule yao. Asubuhi ya Jumapili kengele hujibizana kama majogoo. Pasaka tunaila siku moja, wazee wetu walikubaliana hivyo, maana nani atakaa amefunga huku jirani anachoma nyama? Lakini mkate wa altareni kila mmoja ana wake. Wetu ni mwembamba kama karatasi na hauijui hamira. Wa Waorthodoksi ni wa duara, mnene, umeumuka, na juu umepigwa muhuri.

Mkate huo hukandwa na Mama Ilyas, bibi yake Widad. Muhuri anaoutumia ulichongwa na mumewe, marehemu Baba Ilyas, kwa mti wa mzeituni, nao kwa kushikwashikwa umekuwa laini kama kokwa ya tende. Widad alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi alisimama kando ya meza, macho yake kwenye muhuri. Bibi yake akimwuliza anataka nini, alijibu kwamba hataki kitu, kisha akaendelea kutazama.

Mwaka ule, katikati ya Kwaresima, Mama Ilyas aliteleza uani akateguka kifundo cha mkono. Na Jumapili iliyokuwa mbele ilikuwa ya kumkumbuka mumewe, mwaka mmoja tangu afariki. Baadhi ya wanawake wa kanisa lake wakaanza kusema kwamba huenda umefika wakati kazi ya mkate apewe mwingine mwenye mikono yenye nguvu. Walisema kwa sauti tamu, ati bibi apumzike. Mama Ilyas aliwajibu kwa adabu, lakini jioni alikuja kwangu, akakaa jikoni muda mrefu bila kugusa kahawa.

"Afifa," akaniambia, "wakiuchukua mkate, Jumamosi zangu nitazifanyia nini?"

Basi akamwita Widad, akamwambia kwamba safari hii yeye ndiye atakayekuwa mikono yake. Jumapili kanisa zima litauona mkate huo, nao ukitoka vizuri, maneno yatakwisha.

Jumamosi Widad alifunga kitambaa kichwani kama mtu mzima. Alichekecha unga, akapasha maji moto kiasi, akatia chumvi. Kilichobaki kilikuwa hamira, lile donge la unga wa wiki iliyopita linalotunzwa kwenye bakuli la udongo dirishani. Bibi alikuwa akimwelekeza, lakini dawa ya maumivu ilimlemea, akaenda kujilaza.

Hapo ndipo alipotokea Rozet, mjukuu wangu mwenyewe. Baba yake nilimzaa mimi, kwa hiyo naweza kusema: mtoto yule kinywa chake hakina mlango. Alikuja dirishani na lozi mbichi tele kwenye sketi yake na chumvi ndani ya karatasi, akaegemeza kiwiko mbele ya bakuli, akaanza kumwigiza mwalimu wetu wa katekisimu anavyopiga chafya na kuzima mishumaa. Widad alicheka, akakanda, akala lozi, akacheka tena. Mwisho akaufunika unga kwa kitambaa cheupe. Hamira ilibaki nyuma ya kiwiko cha Rozet.

Saa zilipita. Widad alifunua, akafunika. Akafunua tena. Ndipo akaliona bakuli, limejaa vilevile. Wakati huohuo bibi akaamka, akauliza kutoka chumbani kama unga umeumuka.

Angesema wakati ule, muda ulikuwepo wa kukanda mwingine. Lakini utasemaje, siku ya kwanza ya kuaminiwa?

"Umeumuka, Bibi," akajibu, naye bibi akasinzia tena.

Mikate ilitoka tanurini bapa na migumu. Muhuri ulikaa vizuri juu yake, huo hauna lawama, lakini Rozet alipougonga mkate mmoja kwa kidole ulilia kama mlango.

"Usihuzunike," akamwambia mwenzake. "Mkate wenu umebadili dhehebu tu. Umekuwa Mkatoliki. Ulete kwetu."

Widad alicheka, na kabla hajamaliza kucheka machozi yakamtoka. Rozet akaona afadhali amsaidie, na msaada wake ulikuwa kuchukua leso mbili kubwa za marehemu Baba Ilyas, kuzikunja chini ya mikate ndani ya kikapu, na kufunika juu, mpaka kwa nje ukadhani ni mikate iliyoumuka kuliko yote iliyowahi kuokwa Deir Luz.

Jumapili asubuhi walipanda kwenda kanisani. Mama Ilyas alikuwa na mkono umefungwa shingoni, na kila waliyekutana naye alimwonyesha kikapu akisema kwamba hiyo ni kazi ya mjukuu wake. Watu walimpongeza Widad, na kila pongezi ilikifanya kikapu kiwe kizito zaidi. Rozet alifuata nyuma. Aliniambia kwamba misa yetu ataiwahi ya jioni, nami nikajua kuna jambo.

Padri wa Waorthodoksi, tunayemwita Abuna Khalil, yaani Baba Khalil, alikuwa katika chumba cha pembeni akijitayarisha. Widad aliweka kikapu mezani, lakini vidole vyake vikakataa kukiachia.

"Abuna, si Bibi," akasema. "Ni mimi. Nilisahau hamira, halafu nikamdanganya."

Padri alifunua kitambaa. Akautoa mkate, akaupima mkononi. Akaitoa leso, akauliza kama na yenyewe ililetwa kubarikiwa. Rozet anasema ndevu zake zilikuwa zikitetemeka kwa kicheko alichokizuia. Kisha akamtuma Rozet mbio kwa mkewe, maana mapadri wao wa vijijini wengi wameoa, na mke wake huweka mikate ya akiba kwenye friji, imeganda kama mawe. Ikaletwa, ikawekwa karibu na hita, nao watatu wakakaa kuingoja.

Widad akauliza, kwani kwa Mungu hamira ni jambo kubwa hivyo?

Abuna Khalil akawaeleza kwamba mwanzoni hapakuwa na Mworthodoksi wala Mkatoliki wala Mluteri. Palikuwa na meza moja, Yerusalemu, hapo nyuma ya vilima vyetu, na Yesu na rafiki zake, Wayahudi wote, wakimega mkate. Baada ya kufa kwake, rafiki zake walitangaza kwamba amefufuka, na habari hiyo ikapelekwa kwa miguu na kwa meli hadi Antiokia, Aleksandria na Roma. Mashariki wengi walisali kwa Kigiriki, magharibi kwa Kilatini. Miaka ikapita, wakaacha kuelewana lugha, na mtu asiyeelewa maneno ya jirani hudhani anatukanwa. Wakagombana kama askofu wa Roma ni mkubwa wa wote. Wakagombana juu ya neno katika kanuni ya imani. Na ndiyo, wakagombana juu ya mkate. Wa magharibi walisema mkate wa Pasaka ya Wayahudi hauna hamira, basi na wao hawatii. Wa mashariki walisema Bwana amefufuka, basi mkate nao lazima uinuke. Yapata miaka elfu moja iliyopita wakubwa wao walitengana, kila mmoja akimfukuza mwenzake. Karne kadhaa baadaye, Ujerumani, mtawa aitwaye Luteri alipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, na tawi jingine likachipua.

Rozet akauliza nani alikuwa na haki kuhusu mkate.

"Mimi ni Mworthodoksi, unategemea niseme nini?" akajibu padri. "Kamwulize padri wako, naye atasema lake. Kesho tutakunywa kahawa pamoja kama kila Jumatatu." Kisha akamgeukia Widad. "Wale walinyamaziana mpaka wajukuu wa wajukuu wao wakasahau kusemezana. Wewe umenyamaza usiku mmoja tu. Lakini bado yuko mtu mwingine wa kumwambia."

Ibada ikaenda salama kwa mikate ya akiba. Mimi nilifika uani wakati watu wanatoka. Kikapu, kilichotolewa ili kirudishwe nyumbani, kilikuwa wazi mlangoni, na wanawake walikuwa wamekwisha kuiona ile mikate bapa. Mmoja akasema, kwa sauti ileile tamu, kwamba maskini Mama Ilyas, mikono imemaliza kazi yake. Mama Ilyas aliinama.

Widad akapanda ngazi ya kanisa.

"Bibi hakuukanda," akasema, na sauti ikafika hadi kisimani. "Nilikanda mimi, nikasahau hamira nikicheka dirishani. Bibi aliniuliza, nikasema uongo. Msimnyang'anye mkate kwa kosa langu."

Halafu bikizee mmoja mwenye fimbo akaguna, akasema yeye mkate wake wa kwanza aliutia sukari badala ya chumvi, na padri wa siku zile aliula bila kukunja uso. Wakaanza kucheka, kila mmoja akikumbuka mkate wake. Habari ya kumpa mwingine kazi ile ikafia hapo.

Mchana tulikula pamoja kwa Mama Ilyas: supu ya dengu, zeituni, mafuta ya mizeituni. Ile mikate tuliimega tukailoweka kwenye supu, maana meno yasingeiweza. Rozet akasema Wakatoliki na Waorthodoksi hatimaye wamekubaliana juu ya mkate mmoja, na kwamba ni mbaya.

Mama Ilyas alingoja tuache kucheka, akaushika mkono wa Widad kwa ule wake mzima.

"Kusahau hamira si dhambi," akasema. "Lakini kosa ukilifunika, mjukuu wangu, linaumuka lenyewe, halihitaji hamira. Lisingekuangukia wewe tu, lingetuangukia sote. Umelifunua mwenyewe, mbele ya watu. Hilo ndilo nililotaka ujifunze, hata kuliko kukanda."

Kisha akaufuta muhuri kwa ncha ya shali yake, nakumbuka ilikuwa ile nyeusi ya msiba, akauweka mezani katikati yao. Akamwuliza, kama alivyomwuliza kila Jumamosi, anataka nini.

Widad aliutazama muhuri wa babu yake. Safari hii hakusema kwamba hataki kitu.

"Nataka siku moja uwe wangu, Bibi. Nataka nikande mimi."