Aliyejibu Ndani ya Bawa

"Ruble mia na ishirini, Hosiyat! Kila mtu, na tuko kumi na wawili!" Turgun, kiongozi wa kikosi, alikuwa ametokwa na mishipa ya shingo. "Leo ni tarehe thelathini na moja. Ndege isipotoka humu kabla ya saa kumi, mwaka umeisha na hatupati hata kopeki moja ya bonasi. Nenda wewe ukawaambie wenzako kwa nini."

"Nitawaambia. Fungua bawa."

"Kwa sababu gani? Niandikie, nimpelekee mkaguzi. Niandike Hosiyat kasikia paka?"

Wenzake wakacheka, kicheko kifupi cha watu wenye haraka. Hosiyat hakucheka. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipiga ribiti katika kiwanda kile cha ndege pale Tashkent, yeye nje na nyundo ya upepo, mumewe Shomurod ndani ya bawa, maana Shomurod alikuwa mwembamba kama fito, aliweza kujikunja kwenye giza lile na kushikilia chuma upande wa pili. Kelele za karakana humeza maneno, kwa hiyo aliye ndani husema kwa kugonga bati. Mara moja: imekaa. Mara mbili: rudia. Mara tatu: acha kila kitu, nina shida.

Mchana ule kifuniko cha mwisho kilikuwa kimeshafungwa, bolti zote zimekazwa. Hosiyat, kwa mazoea tu, akaligonga bawa kwa mpini wa bisibisi. Ndani kukajibu. Mara moja, taratibu. Akageuka ili amwite mtu amsaidie kumtoa mumewe, akamkuta mumewe amesimama nyuma yake, kibakuli cha chai mkononi.

"Shomurod, waambie," alisema sasa. "Na wewe ulisikia."

Shomurod akatazama viatu vyake. "Bati likipoa hulia, mke wangu."

"Linalia likiulizwa?"

"Dada Hosiyat," akaita Lutfiya, fundi wa rangi, "mimi naoza binti mwezi ujao. Nimeshaalika mtaa mzima. Usinifanyie hivi, nakuomba."

Hilo ndilo lililomfunga mdomo, si makelele ya Turgun. Akachukua kalamu, akatia sahihi kwamba ndani ya bawa pamekaguliwa na hamna kitu. Hakuwa amekagua. Muhuri ukapigwa juu ya uongo wake, mambo yakaisha.

Saa tisa na nusu trekta likaja kuivuta ndege, milango mikubwa ikafunguliwa, theluji ikaingia na upepo wake, na karakana, kwa mara ya kwanza mwaka ule, ikawa kimya kabisa. Na katika kimya hicho, bawa lilipokuwa likipita juu ya vichwa vyao, wote kumi na wawili wakasikia kutoka ndani yake bati likigongwa, mara tatu, kisha mara tatu tena, kwa haraka, kwa mkono mdogo, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Asubuhi ya mwaka mpya Shomurod hakusema salamu. Alikuwa ameketi mbele ya meza, mkate ameuweka kifudifudi, kufuru ambayo hata mlevi wa mtaa wao haifanyi. Hosiyat akaugeuza. Yeye akaugeuza tena.

"Chai?"

Akagonga meza kwa kidole. Mara tatu.

"Shomurod, mzaha huo sitaki."

Mara tatu.

Daktari wa kiwanda alisema ni mishipa ya fahamu, akampa vidonge na ruhusa ya siku kumi. Vidonge Shomurod alivitema. Siku ya nne nyumba ilianza kunuka maziwa yaliyochacha. Hosiyat alisugua sufuria zote, akafua mapazia, harufu ikabaki palepale, mpaka alipomvua mumewe shati ili alifue akaona kifua chake kimelowa, na alipofuta kwa kitambaa, kitambaa kikaja cheupe. Maziwa. Mwanamume yule, ambaye tangu mwaka mpya hakuwa amekula chochote, ambaye mbavu zake zilihesabika, alikuwa akitokwa na maziwa, na mikononi amekumbatia blanketi lililokunjwa, analibembeleza, analitazama, kisha analitupa ukutani kwa kuwa si lenyewe.

Akakimbilia kwa Turgun. "Iko wapi ndege?"

"Imechukuliwa na jeshi. Ya jeshi haiulizwi, unajua."

"Kaka Turgun, mume wangu anakufa."

Turgun akachungulia ukumbini, akafunga mlango, akanong'ona: "Na mimi silali. Kila nikifumba macho nasikia. Lakini nimuulize nani? Nimwambie nani kwamba tulijua?"

Siku ya tisa alikuja Bibi Salomat, mama mzito mwenye meno ya dhahabu aliyewahi kumtoa jini kwa mkwe wa jirani. Akawasha majani ya isiriki, ya kufukuzia majini, kwenye kikaango cha makaa, akamzungushia Shomurod moshi.

"Mwanamume mzima unanuka kama mzazi," akamtania. "Haya, mgeni. Nani wewe, na umeingilia wapi?"

Shomurod akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, nyembamba, iliyokauka kwa kulia.

"Sikuingilia. Nilimlaza mwanangu mle kwa sababu palikuwa na joto, na huyu mwembamba alikuwa hana ubaya, akigonga mwanangu anacheka, akigonga mwanangu anajifunza, nikatoka kidogo tu kutafuta chakula, na niliporudi mmeshapaziba kwa chuma, na chuma sisi hatupiti. Na wewe mwanamke ulimgongea akakujibu, alidhani ni mchezo, na alipoona ni giza na hamfungui akawaomba kwa lugha yenu wenyewe, mara tatu, mara tatu, mara tatu, na nyinyi mlielewa."

Isiriki ikapasuka kwenye makaa. Hosiyat alikuwa amepiga magoti. "Mfukuze, bibi," akanong'ona. "Soma chochote. Mfukuze."

Bibi Salomat akakifunika kikaango.

"Jini mwizi namfukuza," akasema. "Jini mhuni namchapa. Huyu nitamwambia nini? Ana haki." Akachukua mtandio wake, akaondoka bila kungoja chai.

Wakabaki wawili. Hosiyat akavua hereni, akaziweka sakafuni. Akaahidi kondoo mweusi, kondoo wawili, ng'ombe. Akasema ataandika barua Moscow, atakiri, wamfunge. Akasema, "Basi nichukue mimi, mwachie yeye, mimi ndiye niliyetia sahihi," na alipoona macho yale hayapepesi akalia, "Ndege sijui iko wapi! Nitaifuata wapi? Nifanyeje, niambie nifanyeje!"

Kinywa cha mumewe kikafunguka.

"Nataka mwanangu."