Mgeni wa Mgonjwa Haulizwi

Mamake alimwambia asiende na kile kikapu kilichochoka. Alawiya akaenda nacho, kwa kuwa la mkuu yeye hulisikia akishavunjika guu. Basi Jumamosi hiyo ya mwezi wa Machi, mwaka wa themanini na tisa, soko la Kongowea likiwa limefurika watu, mkono wa kikapu ukakatika mbele ya wauza viazi, nyanya alizonunua zikatawanyika katikati ya miguu ya wapita njia.

Kijana mmoja akainama kumsaidia. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka, na alikuwa na uso wa mtu anayekaribia kucheka. Aliziokota nyanya moja moja kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameutia mfukoni kama bwana mkubwa anayekagua shamba lake. Alawiya, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, akaweka sawa ukaya wa buibui na kumtazama.

"Kaka, huo mkono mwengine umeuweka amana, au waona nyanya zangu hazistahili mikono miwili?"

Kijana akasimama wima. "Huu?" akasema taratibu, akautoa mfukoni. Kilichobaki kilikuwa kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Vitatu vya kati havikuwapo, na kovu lake lilikuwa bado jekundu. "Huu nao ulitaka kukusaidia, dada. Lakini siku hizi una upungufu wa wafanyakazi."

Alawiya alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na nyanya zake. "Nisamehe. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua ungenionea huruma, na hapa sokoni nimeshahurumiwa na watu wanane tangu asubuhi. Wewe ndiye wa kwanza kunigombeza."

Alawiya akacheka, na huku anacheka machozi yakamlengalenga. Jina lake kijana lilikuwa Stambuli, mtu wa Utange. Alikibeba kikapu kifuani hadi barabarani, na njiani akamweleza kwamba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati huko Changamwe. Mashine ya kukatia ilikuwa na kinga yake ya chuma, ikaondolewa ili kazi iende upesi. Sasa yapata miezi miwili tangu aumie, na kazi hana tena.

"Na fidia?"

"Fidia gani?"

Alawiya alisimama hapo hapo, mtu mwenye mkokoteni akampigia kelele apishe. Yeye alikuwa karani wa wakili Kaviha, na wateja wa Kaviha karibu wote walikuwa watu wa namna hiyo: huyu ameangukiwa na gunia, yule ameunguzwa na mvuke, na kila mmoja ameambiwa na mwajiri wake kwamba ni kazi ya Mungu. "Jumatatu njoo ofisini kwetu," akasema. "Ni Magongo, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Uliza karani Alawiya."

"Nikiisahau ofisi nikamkumbuka karani peke yake, je?"

"Utamkuta karani ana kazi nyingi."

Alikuja Jumatatu, mapema kuliko wakili mwenyewe. Kaviha alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na katika dunia hii alichukia jambo moja tu. "Kampuni siiogopi," alimwambia Stambuli. "Namwogopa mteja anayenificha. Tangu uumie, umewahi kutia sahihi au kidole kwenye karatasi yoyote ya kampuni?"

Stambuli akatazama dirishani. "La."

Alawiya akaandika: La.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya foleni. Foleni ya daktari wa kupima ulemavu na kujaza fomu, foleni ya ofisi ya kazi, na foleni ya kurudi kwa daktari kwa sababu fomu ya kwanza haikupigwa muhuri. Alawiya alimsindikiza kila alipopata ruhusa, na aliposhindwa kupata ruhusa aliiba nusu saa. Stambuli alikuwa akijifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Kila wiki alimletea kikaratasi chenye herufi zilizolala kila upande, na Alawiya alijifanya kuzisahihisha kama mwalimu, kisha akavikunja na kuviweka katika mkoba wake. Siku nyingine simu ndiyo iliyolia.

"Ofisi ya wakili Kaviha."

"Naulizia faili yangu."

"Faili yako haijambo. Imelala."

"Na aliyeilaza?"

"Huyo hajalala. Ana barua kumi na mbili za kupiga taipu."

"Basi mwambie namsalimu, na lile ua la asumini alilochomeka nyweleni jana limeniharibia kazi. Barakat mwenye duka, ninayemsaidia siku mojamoja, kaniambia nipime sukari, mimi nikapima chumvi."

"Stambuli, simu hii ni ya ofisi."

"Kwani mimi si mteja, kipenzi?"

Hapana haja ya kuficha: Alawiya alimpenda. Alimpenda hata akawa anaisikia hatua yake kwenye ngazi kabla hajafika juu. Naye Stambuli alishamwambia waziwazi kwamba anataka kumwoa, ila hatapeleka posa kwao Mjambere mpaka kesi iishe. "Babako ni maalim, watu wote wamheshimu," alisema. "Sitamwendea kuomba mtoto wake na hali mimi ni mtu wa kupimiwa kibaba na mamangu. Nikipata haki yangu nitafungua kijiduka, ndipo nije." Kwa hivyo ile kesi ilikuwa kesi ya watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyeipigia taipu.

Jibu la kampuni lilikuja mwezi wa Julai. Kaviha alilisoma, akavua miwani, akamwita karani wake. Pamoja na barua palikuwa na nakala ya karatasi iliyosema kwa Kiingereza kwamba Stambuli amepokea malipo yake yote na hadai tena kitu chochote, milele. Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba cha kushoto.

"Wewe ndiye uliyeandika La," Kaviha akasema, bila ukali, na hilo lilimwuma zaidi. "Asiponipa maelezo wiki hii, najitoa."

Mchana Stambuli akapiga simu.

"Roho yangu, leo nimeandika mstari mzima bila..."

"Ulitia kidole karatasi ya kampuni?"

Upande wa pili kikasikika kikaratasi kikikunjwa.

"Stambuli."

"Nilitia."

"Na ukanambia La."

"Nilisema La."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia, Alawiya."

"Basi usipige tena simu hii," akasema, akaikata.

Alilia siku mbili, na mamake alipouliza akasingizia vitunguu, ingawa nyumbani siku hizo hazikupikwa ila ndizi. Moyoni alishahukumu: mtu huyu aliuza vidole vyake, akala, kisha akatafuta karani mjinga wa kumsaidia kuviuza mara ya pili. Simu ilipolia aliiacha hadi Kaviha akatoka chumbani kwake kuipokea.

Ijumaa akapewa barua ya kupiga taipu: wakili anajitoa katika kesi. Akaiweka ile nakala ubavuni mwa taipureta ili anakili jina sawasawa, na ndipo macho yake yakaangukia yale ambayo hasira haikumwachia kuyaona. Tarehe ilikuwa siku ya pili baada ya ajali. Mahali: wodini, hospitali. Shahidi: Mwinyihaji, nyapara.

Jina hilo alilijua kwa Stambuli. Mzee Mwinyihaji alikuwa jirani yao Stambuli ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemwosha babake siku alipofariki, ndiye aliyemtafutia kazi ile kiwandani. Alawiya akaondoa vidole kwenye taipureta. Alikuwa mtoto wa watu wa pwani, hakuhitaji kuelezwa. Kwetu mgeni wa mgonjwa haulizwi amekuja na nini. Akileta machungwa, hupokewa. Akileta bahasha, hutiwa chini ya mto bila kufunguliwa mbele yake. Na akiwa ni mzee wako, akasema tia kidole hapa, mwanangu, utakuwa umekosa adabu namna gani hata umwambie ngoja kwanza, nisomee?

Barua hakuimaliza. Aliomba ruhusa, akaitia nakala mkobani, akaenda Utange.

Alimkuta Stambuli uani akimsaidia mamake, Bi Salme, kuanika nguo. Mama alimtazama msichana, akamtazama mwanawe, akakumbuka ghafla kwamba ana jambo kwa jirani.

"Alikuwa Mzee Mwinyihaji," Alawiya akasema.

Stambuli aliweka chini beseni. "Alikuja na machungwa na bahasha. Akanambia tia kidole hapa, ofisini wataka kujua kwamba nimefika kukutazama. Nikatia. Nilipotoka hospitali nikasikia wenzangu wasema kampuni ina karatasi yangu. Nikaelewa."

"Na wakili alipokuuliza?"

"Ningesema nini? Kwamba mzee aliyemwosha babangu ndiye aliyeniuza? Amebakisha miezi minane astaafu. Ataitwa mwongo mbele za watu."

"Umemstahi mzee, vizuri. Na mimi? Mimi ulinistahi kwa lipi?"

Stambuli akainamisha kichwa. "Wewe nimekukosea, na sina udhuru. Siku hizi zote hata kuandika nimeacha."

Alawiya alitaka kumshika ule mkono, akajizuia, kwa kuwa bado alikuwa na swali. "Ulimwuliza kama alijua karatasi yasemaje?"

"Nani?"

"Mzee."

Hakumwuliza. Miezi saba waliishi ukuta kwa ukuta, huyu akimkinga yule, na yule hajui kama akingwa. Alawiya akavuta pumzi. "Vaa shati. Twende."

"Shikamoo, baba," wakasema mlangoni.

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Mzee Mwinyihaji alifurahi mno kumwona Stambuli hata akasahau kuvaa kofia. Alawiya akaitoa nakala, akaisoma kwa Kiswahili, neno baada ya neno.

"Rudia," mzee akasema.

Akarudia. Mzee alikaa kitako, mikono juu ya magoti. "Mimi Kiingereza sikusoma. Walinambia ni ya kuthibitisha kwamba bahasha nimeifikisha. Kwamba sikuila njiani." Akamgeukia kijana. "Mbona hukuniuliza, Stambuli?"

"Niliona haya, baba."

"Nami nikaona haya kukuuliza mbona huji tena kula kwangu. Nilidhani wanichukia kwa kuwa nilikutia kazi ile." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nipelekeni kwa huyo wakili."

"Kazi yako, baba?" Stambuli akasema. "Na kiinua mgongo?"

"Mwanangu, mimi nimeletewa kosa langu likasomwa mara mbili. Wataka nilisikie mara ya tatu mbele ya Mola?"

Walipotoka, Stambuli alimsindikiza Alawiya hadi njia kuu. "Wanisamehe?"

"Nimeshakusamehe. Lakini si bure."

"Nilipe nini?"

"Kila nitakalokuuliza, unijibu. Hata likiwa baya. Hata nikiuliza chakula changu kina chumvi."

"Hilo la chumvi ni gumu," Stambuli akasema, na Alawiya akaushika ule mkono wa kulia, kidole gumba na kile kidogo, mchana kweupe, wapita njia watazame wapendavyo.

Kaviha hakujitoa. Kampuni iliposikia nani atakuwa shahidi ikamsimamisha Mzee Mwinyihaji kazi, naye akaenda kortini kwa kanzu yake ya Idi, akasema mambo yalivyokuwa, hakuongeza wala hakupunguza. Hakimu akaikataa ile karatasi, na mwaka wa tisini ulipoingia Stambuli akalipwa fidia. Haikuwa mali ya kumtajirisha mtu, na vidole havikurudi. Ilitosha duka dogo Utange, mbao za rafu zimepigwa misumari na mwenyewe kwa mkono wa kushoto, moja imekwenda upande. Kaviha wakati huo alikuwa ameshafungua faili nyingine, ya nyapara aliyenyimwa kiinua mgongo.

Posa ilipelekwa Mjambere Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na mshenga alikuwa Mzee Mwinyihaji. Alikaa barazani na Maalim Aidarus, babake Alawiya, pamoja na wazee wengine watatu. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia, na Bi Salme ameketi katikati yao kwa leso mpya. Alawiya alivaa gauni la hariri ya kijani, na kikuba cha asumini kifuani.

Maneno yalizunguka kama ilivyo ada, hali zikaulizwa, wakubwa wakasifiwa, hata yakafika. Maalim akainua sauti kuelekea ndani. "Alawiya, mwanangu. Umeletewa posa ya Stambuli. Wasemaje?"

Kila mtu alijua kinachofuata. Msichana hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Mamake alishafungua mdomo ili aseme kanyamaza, karidhika.

"Nimekubali, baba," Alawiya akasema, kwa sauti iliyofika barazani na ikapita hadi njiani. "Namtaka Stambuli."

Shangazi mmoja akajiziba uso kwa leso. Maalim Aidarus akasema kwa upole, "Mwanangu, ungenyamaza tu, tungeelewa."

"Najua, baba. Lakini mimi na yeye tumeshanyamaziana tukakaribia kupoteana. Leo nimeona niseme."

Mzee Mwinyihaji akainamisha uso wake, na mabega yake yakatikisika. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Kisha akaomba ruhusa, akavaa viatu, akaenda mwenyewe kumwambia kijana aliyekuwa akingoja.