Kibodi cha Bi Mwanamvua

Katika Tanga ya miaka hiyo, kuta zilikuwa na masikio kwelikweli. Ukiingia jikoni ukasema "chai", jiko linawaka. Ukibisha hodi, mlango-sikizi unaijua sauti yako, unakutaja jina na kukufungulia kama umealikwa. Swichi na vitufe vilishazikwa zamani.

Sasa mtu asiye na sauti afanyeje? Ndiyo yaliyomkuta Bi Mwanamvua, mshenga aliyepeleka posa za nusu ya mtaa wa Ngamiani. Ugonjwa wa koo ulimwachia uhai, ukaondoka na sauti. Akapewa mkufu-semaji, kidude cha kuvaa shingoni kinachosoma misuli ya koo na kumsemea mtu. Kilisema vizuri mno, na hapo ndipo matata yalipoanzia. Yeye akitaka kusema, "Kijana mlafi yule, ila moyo wake mweupe," mkufu unatamka, "Kijana huyu ana afya njema na tabia ya kuridhisha." Mashoga zake wakapungua barazani. Nani aende kupiga soga na tangazo la serikali? Na kwa kuwa mikufu yote ilikuwa na sauti moja, milango haikumjua tena. Alisimama nje ya nyumba za watu kama mgeni, akisubiri mwenyeji atoke.

Zaituni, mpwa wake, fundi wa milango hiyohiyo, hakuvumilia. Alipata kibodi cha kale, kizito, cha vitufe vya kubofya. Ndani yake akapachika kompyuta nzima: kichakataji kama ukucha, betri na spika. Sauti aliikusanya kwenye video za harusi ambamo shangazi yake alizungumza enzi zake. Ulichobofya ndicho kilichosemwa, bila kupambwa.

Tatizo, karakanani kilifanya kazi, kikifika barazani kinakufa. Na alasiri ile posa ilikuwa inasubiri.

"Zaituni mwanangu, nakwambia kweli," alisema Mama Zuwena, jirani, ambaye posa ilikuwa ya mwanawe. "Kikizimika tena tutakwenda na mkufu. Na ule mkufu ukifungua mdomo kwa wakwe, watadhani tumeenda kuwasomea taarifa ya habari. Mtoto watatunyima!"

Zaituni alikwisha kubadili betri. Alidhani ni joto, maana shangazi alikipakata na kukifunika kanga, akaiondoa kanga. Akafuta vumbi, akakausha unyevu wa bahari. Asubuhi nzima shangazi alibofya kwenye meza ya karakana, kompyuta ikaongea bila kukohoa. Wakatoka barazani. Safari hii Zaituni hakugusa kitu, alikaa akatazama tu.

"Mmesikia ya Mzee Kipanga?" Mama Zuwena akaanza, hawezi kunyamaza. "Kaoa mke wa pili. Roboti ya kufua inaijua sauti ya mke mkubwa peke yake. Bibi harusi kaiambia ifue shuka, ikamjibu, 'Subiri mwenye nyumba atoe ruhusa!'"

Bi Mwanamvua alicheka cheko lake la siku hizo, mabega yakitikisika bila mlio. Mkono mmoja akampa shoga yake wagongane viganja. Wa pili ukashuka juu ya kibodi, pa!

Kikazima.

"Ndiyo hiyo!" Zaituni akaruka. "Shangazi, karakanani hakukuwa na wa kukuchekesha!"

Akakifungua. Waya wa betri alikuwa ameulehemu juujuu, na ungio lilikuwa limepasuka ufa mwembamba kama unywele. Alikipima kwa joto na kwa vumbi, akasahau kukipima kwa mashoga. Akalehemu upya, akauacha waya ulegee kidogo, chini ya ubao wa saketi akatandika vipande vya kandambili kuukuu. Kisha akainua ngumi akijaribu.

"Weka ngumi yako," Mama Zuwena akamzuia. "Sijamaliza. Mke mdogo naye kaenda kuazima mashine ya nani? Ya mtalaka wa mzee!"

Pa! Kiganja cha Bi Mwanamvua kikatua, lakini taa ya kijani ya kibodi ikabaki inawaka.

Alasiri walisimama mbele ya mlango wa wakwe. Mama Zuwena alitaka kubisha, Bi Mwanamvua akamzuia kwa kiwiko. Akabofya polepole.

"Hodi wenyewe," kibodi kikasema, kwa sauti yenye mkwaruzo ambayo mtaa haukuisikia tangu augue.

Mlango ukakaa kimya.

"Karibu, Bi Mwanamvua," mlango ukajibu, ukifunguka. "Umepotea."

Ndani mtu akaangusha kikombe. "Jamani! Si Mwanamvua huyo?"

Machozi yakimlenga, Bi Mwanamvua alicheka, akakipiga kibodi kofi lililomfanya Zaituni afumbe macho. Halafu vitufe vikaanza kulia, kwa haraka.

"Ndiye. Nipisheni nikae, nina posa, na umbea ninao."