Sauti Aliyoificha Fundi

Adhuhuri ile duka la simu lilijaa hadi mlangoni. Msusi, gauni la kijani limemkaa na nywele zimesukwa zikasimama kama taji, alimpitishia fundi simu yake juu ya mabega ya watu.

"Kaka, humu mna picha na video elfu nne. Nikitafuta moja, naletewa takataka."

"Elfu nne? Dada, hii simu au ghala?"

"Tengeneza, maneno baadaye."

"Kumbe ya baadaye yapo!"

Watu wakacheka, naye akacheka. Fundi akamwekea programu inayomsoma mwenye simu: anachokifungua sana kinatangulia, anachokikataa kinajificha. Miezi mitatu haikupita, programu ikazijua nyimbo zake, na fundi akajua anavyopenda kuitwa kipenzi.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, msusi alimtazama marehemu mama yake, Mungu amrehemu, kwenye video, akimgombeza huku anacheka: "Wewe mtoto, suka taratibu, hicho ni kichwa cha mtu!" Alilia kidogo, akajifuta uso, akashika kazi.

Jumamosi moja fundi alimkuta analia mbele ya video hiyo. Aliomba simu, eti aisafishe.

Kesho yake ndugu walikusanyika kumwombea mama, mwaka umetimia. Kaka mkubwa, ambaye hakuwahi maziko, akasema, "Hebu nisikie sauti yake."

Msusi akatafuta: mama anacheka. Zikaja nyimbo. Akatafuta tena. Ikaja mitindo ya nywele, akaja yeye na fundi wamekumbatiana.

"Umemfuta mama?" kaka akauliza, polepole.

Msusi akapiga simu. "Fundi, mama haonekani!"

"Tulia, kipenzi, yupo. Nimeiambia programu isikuletee tena. Nilikuona unalia."

"Uliyaona machozi, hukuuliza."

"Nilitaka ucheke tu."

Fundi alikuja mbio, shati limelowa jasho, akairudisha video. Sauti ilipotoka, kaka mtu alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamcheza.

Nje, mlangoni, fundi akasema, "Wiki ijayo nilikuwa nije kwa kaka yako, kukuposa."

Msusi akaufunga mlango nyuma yake.

"Nimekusamehe, Mungu anaona. Na nakupenda. Lakini leo umenichagulia cha kulilia. Kesho utanichagulia na cha kusema. Usije kuposa."

"Basi niambie nifanye nini."

"Itoe hiyo programu. Picha zipange kwa tarehe tu, kama zilivyokuja."

Akaitoa, akamkabidhi simu, akaenda zake bila kugeuka.

Sasa picha mpya zimekaa juu, za zamani chini. Kila asubuhi, ili amfikie mama yake, msusi hupita kwanza kwa fundi: fundi anacheka, fundi na shati jekundu, fundi amesinzia saluni chini ya mashine ya kukaushia nywele. Hapiti haraka. Wala hajaficha hata moja.