Sauti Sitini na Tatu za Bibi

Ko, ko, ko.

Seremala aliisikia sauti hiyo katikati ya kelele za randa yake ya umeme. Akaizima randa. Ko, ko, ko. Ilikuwa pete ya mama yake ikigonga meza katika chumba cha pili. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Mara tatu ni njoo.

Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, hakuwa na sauti nyingine. Mwaka uliopita madaktari walimpasua koo kuondoa uvimbe. Kabla ya upasuaji walimwambia ukweli: utapona, ila hutasema tena. Bibi hakulia. Alimwita mkwewe, mke wa seremala, akamwomba simu ya kurekodia. Kwa wiki tatu alisema na kuimba. Alirekodi vitendawili, mashairi, majina ya wazee, hata maneno ya kumkemea mwanawe. Zilikuwa sauti sitini na tatu. Ya mwisho ilikuwa wimbo wa kumbembeleza mjukuu ambaye hata mimba yake ilikuwa bado.

Sasa mimba ilikuwa na miezi saba. Simu ile ilikwisha kuuzwa. Sauti zote zilikuwa kwenye diski moja ndogo, iliyochomekwa kwenye kompyuta ya nyumbani.

Seremala alipoingia, alimkuta mkewe mbele ya skrini nyeusi. Mkewe alikuwa mshonaji. Alikuwa akihamishia picha za mishono kwenye diski ile ile, na kompyuta ikazimika ghafla. Aliuliza kama umeme umekatika.

"Haujakatika," seremala alisema, akakuna kichwa. "Nimechomoa waya mmoja ukutani, kule ninakofanyia kazi. Nilitafuta pa kuchomeka randa."

Mkewe alimtazama kama nguo iliyoshonwa nje ndani.

Walirudisha waya. Kompyuta iliwaka vizuri. Lakini walipofungua diski, yalitokea maandishi: diski haisomeki, je, unataka kuifomati? Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Seremala hakuwa mtu wa kuita fundi. Milango ya nyumba ile, vitanda, hata mtego wa panya, vyote vilitoka mikononi mwake. Alimweleza mkewe kwamba kufomati bila shaka ni kama kupiga ubao randa. Unausawazisha kwanza, ndipo kazi inaanza. Kidole chake kikaelekea kwenye Ndiyo.

Ko, ko.

Bibi hakuijua kompyuta. Alimjua mwanawe.

Mkewe akaenda kumwita jirani yao, mwanamke anayetengeneza kompyuta. Mtaa ulimwita Mama Nyaya, kwa sababu mfuko wake haukukosa waya unaoning'inia.

"Shikamoo, Bibi," alisema mlangoni.

Ko.

Aliuliza swali moja tu: wamebonyeza nini? Hawajabonyeza kitu. Basi, alisema, wamekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Akaitoa diski kwa utaratibu, akaenda nayo kwenye karakana yake. Wote watatu wakamfuata, Bibi akiwa mbele.

"Diski ni kama ghala la mbao," Mama Nyaya alimwambia seremala. "Mlangoni pana daftari linaloonyesha kila ubao uko rafu gani. Ulipochomoa waya, kompyuta ilikuwa inaandika kwenye daftari hilo. Ukurasa umeharibika. Mbao huenda bado zipo, ila hakuna anayejua zilipo."

"Na ningebonyeza Ndiyo?"

"Ungeweka daftari jipya, tupu. Ghala lingeonekana halina kitu. Kisha kila picha ya nguo ambayo mkeo angeingiza ingekaa mahali pa sauti ya Bibi. Hapo hata mimi nisingekuwa na la kufanya."

Seremala alitazama kidole chake.

Mama Nyaya aliunganisha diski na mashine yake kwa namna ya kusoma tu, bila kuiandikia chochote. Akaanza kuinakili yote, chembe kwa chembe, kwenye diski nyingine kubwa. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Seremala alishindwa kutulia. Aliuliza kwa nini wasitafute sauti moja kwa moja.

"Mteja akikuletea ubao mmoja wa thamani, usio na mwenzake, unaanza kukata?"

"Hapana. Nakata kwanza kielelezo cha karatasi ngumu."

"Nami ndicho ninachokata. Nikikosea, nimekosea kwenye nakala."

Mchana programu ilianza kuitafuta nakala ile. Mama Nyaya alieleza kuwa kila faili la sauti huanza na alama yake, hata daftari likipotea. Programu hupita rafu kwa rafu ikizitafuta alama hizo. Mstari wa kwanza ukatokea. Wa pili. Kisha ishirini, arobaini. Vitu vilivyokuwa havipo vilikuwa vinarudi, kimoja kimoja, kutoka kwenye kibati kisichozidi kiganja.

Vilisimama kwenye sitini na moja. Viwili vilikuwa vimeharibika kabisa. Na vyote havikuwa na majina. Vilikuwa namba tupu, kwa sababu majina yaliandikwa kwenye daftari lililoharibika.

Basi wakasikiliza. Mkwe aliuliza, Bibi akajibu kwa pete. Hiki ni kitendawili? Ko. Haya ni majina ya wazee? Ko, ko. Walifika hamsini na tisa, na wimbo wa mtoto haujasikika. Mkwe aliweka mkono tumboni. Sitini lilikuwa shairi.

Sitini na moja lilianza kwa ngurumo. Seremala aliijua: ilikuwa randa yake mwenyewe. Kisha sauti ya Bibi, nzima, yenye nguvu: "Zima hilo dude lako, namwimbia mtoto." Kimya. Ndipo akaimba:

*Lala mgeni wa nyumba, sauti yangu pokea;*
*kimya kikishanikumba, wimbo utaendelea.*

Bibi alikuwa amesahau kugonga. Mdomo wake ulifuata maneno, bila sauti, na sauti ilitoka kwenye mashine. Seremala alivua kofia.

Kabla hawajaondoka, Mama Nyaya aliwapa masharti. Kompyuta izimwe kwa utaratibu, si kwa kuchomoa waya. Sauti ziwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski kabatini, moja nje ya nyumba kabisa. Na nakala zifunguliwe kila mwezi, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Siku ile ile seremala alitengeneza kifuniko cha mbao cha soketi ya kompyuta, akachonga juu yake: USICHOMOE. Nakala ya tatu aliipeleka kwa dada yake, ng'ambo ya mji.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye mapafu ya tarumbeta. Alasiri moja alilia mpaka majirani wakatoka nje. Mkwe aliwasha wimbo. Randa ikanguruma, Bibi akakemea, Bibi akaimba. Mtoto akanyamaza, akalala. Bibi alicheka, mabega yakitikisika bila sauti.

Ko, ko, ko.

Seremala alikuja, akamwona mtoto amelala, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaushika mkono wenye pete.

"Mama," alisema, "sauti yako haitalala tena katika nyumba moja tu. Nakuahidi."