Umeipata?

Foleni ya mkate wa sangak, ule unaookwa juu ya kokoto za moto, ilikuwa imefika hadi mbele ya duka la maua. Pardis Emadi alikuwa amesimama humo kwa dakika arobaini, simu sikioni, akibishana na bosi wake wa ofisi ya kamusi juu ya neno la Kiingereza la herufi tatu.

"Bwana Varasteh, nimeshaliandika mara tatu! Hili *get* ni kupata, ni kupokea, ni kuelewa, ni kufika. Ukiliweka na neno la uchovu, ni kuchoka, na mimi nimeshachoka! … Mifano zaidi? Sawa. Jumamosi."

Akaikata simu, akavuta skafu yake ya rangi ya haradali iliyokuwa imeteleza hadi mabegani. Nyuma yake mtu akacheka.

"Samahani, dada. Si wewe ninayekucheka. Hata mimi neno hilo limenitoa jasho. Juzi darasani nilitaka kusema nimemwelewa mwalimu, nikasema *I got you*. Akaniuliza nimemkamatia wapi."

Alikuwa mrefu, shati jeupe la kitani, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Pardis hakutaka kucheka. Akacheka.

"Kaka, hii ni foleni ya wanaochukua mkate mmoja tu."

"Nataka mmoja."

Alipofika dirishani akaagiza mitatu. Watu wakamjia juu. "Jamani, mmoja wangu, mmoja wa mama," alijitetea, "na mmoja wa dada huyu, anawaandikia watoto wenu kamusi!" Akamkabidhi Pardis mkate wa moto, mrefu kama taulo, kokoto mbili bado zimeng'ang'ania chini yake.

Jina lake Khashayar. Alikuwa fundi wa vifaa vya kusikia katika duka moja karibu na uwanja wa Vanak, na jioni alisoma Kiingereza, kwa sababu kuna kliniki moja Melbourne iliyokuwa tayari kumwajiri pindi atakapopewa viza. Hilo alimwambia Pardis siku ya pili tu walipokutana, na Pardis alilisikia kama mtu anavyosikia habari za hali ya hewa ya nchi nyingine. Miezi saba baadaye halikuwa tena la nchi nyingine.

Waliwekeana sharti: kila Jumanne ujumbe wa simu ni kwa Kiingereza tu. Siku nyingine Khashayar alimpigia kwa lugha yao, ambamo mpenzi huitwa ini.

"Ini langu, umekula?"

"Nimekula neno *get* asubuhi, mchana na jioni. Varasteh amelirudisha tena."

"Niletee mimi, nitalipiga."

"Wewe? Wewe utalikamata kama mwalimu wako."

Walicheka sana, lakini Melbourne hawakuigusa. Kila Pardis alipotaka kuuliza, Khashayar aligeuza mazungumzo, na kila Khashayar alipoanza, Pardis aliinuka kwenda kuchukua chai. Mwisho Pardis akaona ataumwa. Akaandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja: *Ukipewa viza, mimi ni nani kwako? Kama unanitaka, njoo nyumbani kwetu uniombe. Kama hunitaki, niambie, nilie nimalize.* Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko chini ya sufuria ndogo ya dolma, wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu, akaupeleka dukani.

Khashayar hakuwepo. Bi Forugh, mama wa mapokezi, akaupokea mfuko. "Nitamwekea kwenye friji, mwanangu. Ametoka mara moja."

Ilikuwa Jumanne. Saa tisa Pardis akaandika kwa Kiingereza: *Did you get it?*

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini: *I got it! I am very happy! I call you now.*

Moyo ukampaa. Ameipata, na amefurahi! Alikimbilia kwenye ngazi za ofisi wenzake wasimsikie.

"Pardis, roho yangu! Siamini! Naondoka tarehe ishirini!"

"Unaondoka?"

"Ishirini! Siku kumi na tisa tu! Nimeshamwambia mama, amelia, amecheka… Mbona huongei?"

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Jibu la nini? Si umeniuliza? Hujafurahi?"

"Nimefurahi mno. Safari njema, Bwana Khashayar." Akakata simu. Akaizuia namba yake kwenye simu, na jina lake kwenye kila mtandao.

Siku nane zilizofuata zilikuwa za kusaga meno. Duka la Khashayar lilikuwa limefungwa tangu jioni ile kwa sikukuu na ukarabati. Yeye alipiga kwa namba ya dada yake, ya jirani, ya muuza maua. Pardis akisikia sauti tu, anakata. Mama yake akimwuliza kwa nini hali, alisema ni kazi. Wala hakudanganya sana: Varasteh alitaka mifano kumi mipya, na kila mfano aliouandika ulikuwa na mwanamume anayepata kitu na mwanamke asiyepata. Alifuta. Akaandika. Akafuta tena. Mara moja aliipiga meza ngumi hadi chai ikamwagikia karatasi.

Siku ya tisa, akitoka ofisini, alimkuta Khashayar mlangoni. Hakuwa amenyoa. Shati halikupigwa pasi. Mkononi alikuwa na karatasi yenye doa kubwa la mafuta, inanuka siki.

"Nimeisoma leo asubuhi, duka lilipofunguliwa," alisema. "Dolma zimeoza zote. Bi Forugh aliweka mfuko nyuma kabisa ndani ya friji, akaenda zake Rasht kwa wajukuu."

"Uliniandikia umeipata!"

"Viza, Pardis! Ilikuwa imeingia nusu saa kabla. Nilidhani umeuliza viza!"

Pardis alimtazama. Miaka sita ya kuwafundisha watu maana za maneno! Akataka kucheka, yakaja machozi, na machozi yakamkera zaidi.

"Na mbona miezi saba hukuniuliza wewe?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Mimi niliogopa hutauliza. Basi sote wajinga, na zimebaki siku kumi."

"Njoo tuondoke wote."

"Hapa mlangoni? Unaniita kama teksi? Ijumaa njoo na mama yako. Nyoa kwanza."

Ijumaa alikuja na mama yake, na waridi nyeupe, na boksi la keki. Pardis alivaa gauni la samawati, akaleta chai bila kumwaga hata tone. Baba yake alisikiliza yote, kisha akauliza, "Yaani unanichukulia binti, baada ya siku tisa unampeleka upande wa pili wa dunia?"

Khashayar alimgeukia mama yake. Mama yake akaanza kueleza. Mama Pardis naye akaanza kueleza. Wote wakazungumza kwa pamoja juu ya hati, baridi, umri, na hakuna aliyemtazama Pardis.

Akaiweka sinia mezani kwa kishindo.

"Ndoa, ndiyo," alisema. "Safari sijui. Nina kitabu cha kumaliza na baba wa kumzoesha. Ataondoka peke yake tarehe ishirini, na mimi nitakuwa na hasira naye kila siku mpaka nimfuate au arudi."

"Hili ni jibu gani?" baba yake aliuliza.

"Ni langu."

Khashayar akainuka, akachukua kikombe cha kwanza kwenye sinia, akanywa chai yote ikiwa bado ya moto, akaungua, akasema, "Nimelipata jibu."